Mheshimiwa Asiyesalimiwa

Nilimpigia kura. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, mbele ya kaka yangu, mbele ya wenzangu wa chuoni Mwanza, na mbele ya mume wangu ambaye hata hakuwa ameuliza. Niliandika makala gazetini nikamwita kichekesho cha jimbo. Watu waliisifu makala ile, nami nikapokea sifa. Halafu siku ya uchaguzi nikapanda basi hadi Bariadi nilikojiandikisha, nikainama kwenye kile kituturi cha maboksi, nikaweka alama kwenye picha yake. Niliporudi nikasema nimempa yule mwingine. Sikuwa na sababu kubwa ya kudanganya. Mtu aliyesoma chuo kikuu anatarajiwa awe na mgombea anayeeleweka, na huyu hakueleweka.

Sasa amekufa, na mkewe amemfuata, kwa hiyo hakuna atakayeumia nikisema. Wapo walioniomba niandike wasifu wake. Wasifu siwezi. Sijui alizaliwa lini, wala ukoo wake ulitokea wapi kabla hajahamia kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi. Ninayoyajua ni yale anayoyajua jirani: mtu anakohoa wakati gani, anagombana na nani, anakula nini akidhani haonekani. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na uzio wa minyaa. Tulimwita Mheshimiwa alipokuwa mheshimiwa, tukaendelea kumwita hivyo alipokoma kuwa, hadi ukafika wakati ambapo kijiji kizima kilikuwa hakimwiti kitu chochote.

Wakati huo wa mwisho ndio unaonifanya niandike. Kwa misimu kadhaa kabla ya kufa kwake, Mheshimiwa alikuwa ametengwa. Kwetu kutengwa si kununiwa. Nyumba iliyotengwa haisalimiwi, haipewi moto, haiazimwi jembe wala chumvi, na ikifiwa haichimbiwi kaburi. Watazika wenyewe, au wataleta vibarua wa mjini wachimbe huku wakisikiliza mpira kwenye simu. Mlango wa kutokea ni mmoja. Mwenye nyumba anasimama kwenye dagashida, ule mkutano wa kijiji kizima, anasema "nilikosa," watu wanapiga makofi, kesho yake anaombwa chumvi. Mheshimiwa, ambaye alikuwa amehutubia Bungeni, minadani, misibani, na mara nyingine mbele ya ng'ombe peke yao, alikataa kulisema neno hilo.

Wanasiasa wengine hupanda. Yeye alishuka, ngazi baada ya ngazi, kwa utulivu wa fundi anayeshuka kwenye paa alilomaliza kuezeka. Alianza na ubunge, kipindi kimoja, kwa chama kikubwa. Akafuata udiwani, kwa chama kidogo ambacho ofisi yake ilikuwa chumba cha nyuma cha mashine ya kusaga, hata wanachama walitoka mikutanoni wakiwa weupe kwa unga. Akamalizia na uenyekiti wa kijiji, kwa chama ambacho nadhani alikuwa mwanachama wake peke yake pamoja na mkewe, ambaye sote tulimwita Mayu, yaani mama. Mayu mwenyewe aliniambia hakuwahi kuiona kadi.

Alipoulizwa kwa nini anashuka, alisema huko juu hakukuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Bungeni anakumbukwa kwa swali moja, na kijijini kwetu swali hilo lina matoleo mengi. Ninalolipenda ni hili. Wenzake walianza kwa kumshukuru Mungu, kisha Spika, kisha mawaziri, kisha wake zao na watoto, mpaka kengele inalia. Yeye alisimama akasema, "Mheshimiwa Spika, watu wangu wanakunywa maji kisima kimoja na ng'ombe. Naomba kujua kama Waziri amewahi kuyaonja." Akakaa. Spika akamkumbusha kwamba bado ana muda. Akasimama tena: "Muda ninao, Mheshimiwa Spika. Maji ndiyo sina." Kuna wanaosema alikuwa na chupa ya maji hayo mfukoni. Nilimuuliza kuhusu chupa. Alisema ni uongo, kwa sauti ya mtu anayejilaumu kwa nini hakuifikiria.

Chama kilimwita kumhoji kwa sababu alipinga hoja ya chama chake. Katibu alimuuliza, "Wewe ni mwenzetu au si mwenzetu?"

"Mpaka saa ngapi?" akauliza Mheshimiwa.

Hakuteuliwa tena.

Koti aliloapia ubunge alilivaa mpaka likawa na rangi ya vumbi la barabarani, na chini yake alivaa katambuga, zile kandambili za matairi. Alikuwa pia na gari la siku za ubunge. Masika moja lilizama kwenye udongo mweusi wa mbuga karibu na nyumbani, likakokotwa na ng'ombe hadi uani, na halikuwaka tena. Mayu akaingiza kuku. Kwa miaka mingi, mgeni aliyekuja kumwona mbunge mstaafu alilakiwa kwanza na jogoo aliyesimama kwenye usukani.

Kampeni zake zilikuwa aibu kwa kila aliyezisimamia. Mpinzani alipika wali na kugawa kanga. Yeye aliwaambia watu, "Kaleni pale, mje mseme hapa." Kisha alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akauliza, "Mnasemaje?" Watu walisema hadi jua linazama, na yeye hakuahidi kitu. Nilikuwapo siku mwanamke mmoja aliposimama na sahani ya wali wa mpinzani bado mkononi.

"Baba, ukipita utatufanyia nini?"

"Sijui, mayu. Sijafika huko."

"Wenzako wanajua."

"Wenzangu nao hawajafika."

"Basi nikupe kura ya nini?"

"Hata mimi nashangaa."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yule mwanamke akachota wali, akatafuna, akasema kwa mdomo uliojaa, "Huyu angalau hajui kwa ukweli." Niliiandika kauli hiyo katika makala yangu kama mfano wa ujinga wa wapiga kura. Halafu, kama nilivyosema, nikaenda nikampigia.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Alitetea haki ya kila mtu kusema, lakini nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kubadili stesheni ya redio. Aliwakaripia wanaokwenda kwa mganga, na kwenye usukani wa baiskeli yake palikuwa na kikamba cheusi ambacho hakutaka kiulizwe. Alikataa kushukuriwa. Ukisema "wabeja" alinyanyua mkono kama anayefukuza nzi, lakini usiposema hakuondoka. Alisimama pale mlangoni, anasifia mbuzi wako, anauliza habari za pamba, mpaka umshukuru apate kukataa. Daktari alimkataza sukari. Nimemwona kwa macho yangu, kupitia minyaa, nyuma ya lile gari la kuku, akinyunyizia sukari kwenye matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha ambavyo tayari ni vitamu, huku jogoo akimtazama.

Mimi aliniita Mwandishi. Hakuwahi kusoma hata makala yangu moja. "Unaandika vizuri," aliniambia kila tulipoonana. "Nasikia."

Sasa ngitili. Kwa asiyejua, ngitili ni malisho ya akiba. Mvua zikiisha, kijiji kinafunga eneo, majani yanaachwa yasimame, na mtu haingizi hata ndama mpaka kiangazi kimeiva na mkutano umesema fungua. Ngitili ya kijiji chetu ni nzuri. Inaonekana kutoka barabarani, ya rangi ya simba, na wenye ng'ombe huitazama kwa moyo uliotulia.

Mheshimiwa alikuwa mwenyekiti wa kijiji mwaka ule ambao kiangazi kilianza mapema na hakikuonyesha dalili ya kuondoka. Wakaja wachungaji kutoka upande wa Meatu. Walikuwa na ng'ombe ambao mifupa ya nyonga ilikuwa imesimama kama vigingi vya hema. Walisimama pembeni ya ngitili yetu na hawakuingia, kwa sababu nao ni watu wa ng'ombe na wanajua. Walisimama tu. Jioni ng'ombe mmoja akalala, hakuamka. Asubuhi mwingine.

Mheshimiwa angeweza kuitisha mkutano. Alijua utasema nini. Akaenda peke yake, akaondoa matawi ya miiba yaliyoziba njia, akawaambia wapite.

Ng'ombe wa Meatu walipona, wakaenda zao. Mwisho wa kiangazi, zamu ya ng'ombe wetu ilipofika, ngitili ilikuwa imebaki vumbi na visiki. Watu wengi walipoteza. Kaka yangu alikuwa na zizi la ng'ombe alilorithi kwa baba na kuliongeza kwa jasho la pamba. Mvua iliponyesha, alikuwa na zizi tu. Nilikwenda kumpa pole. Alikuwa anachuna ngozi ya dume la mwisho, kisu kinakwenda taratibu, na hakuinua kichwa. Nikasimama pale nikitafuta neno. Mimi mtu wa maneno sikulipata, na nikagundua kwamba sikuwa na huzuni wala hasira. Nilikuwa nimesimama tu, kama wale wa Meatu.

"Nenda kamwangalie rafiki yako," kaka alisema hatimaye. "Yeye ng'ombe wake nao wamekufa. Anajidai hajaona."

Ni kweli, wake nao walikufa. Hakuwaingiza kwenye ngitili hata siku moja.

Dagashida ilikaa. Walimwambia aseme neno lile moja, yaishe. Akasema hapana. Wakamvua uenyekiti kwa njia zisizoandikwa kwenye sheria yoyote ya serikali, na nyumba yake ikatengwa.

Ni vigumu kueleza kimya cha namna ile kwa mtu wa mjini, ambaye hulipa kodi ya nyumba ili akipate. Mheshimiwa alikivumilia kwa kelele. Kila asubuhi alisimama kwenye minyaa, koti limefungwa vifungo vyote, akaamkia njia nzima. "Mwangaluka!" aliita. Watu walipita na majembe yao, macho mbele. Akangoja kidogo, kisha akajiitikia mwenyewe, "Mwangaluka, Mheshimiwa. Mhola?" "Mhola duhu." Akauliza habari za watoto, akajijibu hawajambo. Watoto wa shule walikuwa wakiziba midomo wasicheke, maana kucheka nako kungehesabika kuwa ni salamu.

Mayu hakuwa na koti wala hotuba. Alitoka Sola, upande wa Maswa, na alikuwa mtu wa maneno kuliko mumewe, ila ya kwake yalikuwa na faida: nani amejifungua, nani amegombana, mchele wa wapi unapikika. Kabla ya kutengwa, wanawake walimngoja kisimani ili foleni iwe fupi. Baada ya hapo, alipofika walimpisha. Walirudi nyuma kwa adabu, wakamwacha achote kwanza, na hakuna aliyefungua mdomo mpaka amepotea kwenye kona. Alianza kunipigia simu Mwanza. Alinisimulia habari za kuku. Nilikuwa naweka sauti ya juu, naweka simu mezani, naendelea na kazi zangu, nikisema "ee, Mayu" pale aliponyamaza kuvuta pumzi.

Nilipokwenda likizo, nilimuuliza kaka kama mimi naruhusiwa kuwasalimia.

"Wewe salimia tu," alisema. "Wewe wa mjini huhesabiki."

Mwaka wa mwisho miguu ya Mheshimiwa ilivimba. Mayu akanipigia, na safari hii hakusema habari za kuku.

"Ng'wanawane, mwanangu, njoo uzungumze naye. Huyu anakufa. Mimi sitaki azikwe na watu nisiowajua majina. Wala sitaki kubaki humu, baada yake, nikisikiliza jogoo."

Nikaenda. Nilimkuta Mheshimiwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, koti mwilini, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Uso ulikuwa umejaa. Redio ilikuwa inaongea.

"Mwandishi. Unaandika vizuri, nasikia."

"Asante, Mheshimiwa. Nimekuja kwa ajili ya lile neno."

"Najua. Mayu amepika nyama. Hapiki nyama bila hila."

Kutoka jikoni sufuria iligongwa kwa nguvu.

Nilikuwa nimejiandaa. Ndani ya basi, kutoka Lamadi hadi Bariadi, nilikuwa nimetunga sentensi kadhaa ambazo mtu angeweza kuzisema bila kukiri na zikasikika kama amekiri. Nimefundisha uandishi kwa muda mrefu. Kama shahada zangu zina kazi yoyote duniani, nilifikiri, basi ni hii.

"Ungesema hivi," nilimwambia. "'Nasikitika kwa yaliyotokea.'"

"Nasikitika. Hilo kweli. Peleka."

Nikazunguka minyaa, nikaenda kwa kaka, aliyekuwa anapalilia choroko. Kaka ndiye waliyemsikiliza zaidi kwenye dagashida kwa jambo hili, kwa sababu ndiye aliyepoteza zaidi.

"Hata mimi nasikitika kwa yaliyotokea," alisema bila kuacha jembe. "Nani amesababisha?"

Nikarudi uani. "Ungesema, 'Nilikosa kuwauliza kwanza.'"

Mheshimiwa alifikiri, akachezesha vidole vya miguu ndani ya maji. "Hilo nalo kweli. Nilikosa kuwauliza. Hilo nitalisema hata leo, hata nikiwa nimebebwa."

Nilikimbia. Nasema nilikimbia, mwanamke wa umri wangu, na viatu vya mjini, kwenye matuta ya choroko. Nilihisi kama mtu anayeshika pande mbili za nguo iliyochanika na pande zinakutana.

Kaka alisimama safari hii. Aliegemea jembe.

"Hiyo ni nusu," alisema.

"Kaka, mtu anakufa."

"Naona. Nina macho. Sijasema simtaki. Usiku nikimsikia anakohoa nakaa kitandani. Lakini mdogo wangu, akisema alikosa kutuuliza, maana yake angetuuliza tukakataa, angefungua vilevile. Sivyo?"

Niliinama nikatoa udongo kwenye viatu.

"Muulize."

Nikarudi kwa mwendo wa kawaida. Nikamuuliza.

"Ningefungua," alisema Mheshimiwa.

"Basi sema neno moja tu, 'nilikosa,' bila kusema nini. Wewe moyoni ujue unamaanisha kuuliza, wao wajue wanavyojua. Siasa si ndiyo hiyo?"

Aliipunguza redio. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kwa ajili ya mtu.

"Mwandishi, sikiliza. Kiangazi kingine kitakuja. Mwenyekiti mwingine atasimama pale, na ng'ombe wa mtu wanalala. Atajiuliza afanye nini. Kama nimesema nilikosa, watamwambia, hata Mheshimiwa alijuta. Atawafukuza. Atakuwa na haki ya kuwafukuza, kwa sababu yangu."

"Na ng'ombe wa kaka?"

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa, akaitoa miguu, akaiweka juu ya gunia. Ilikuwa inang'aa.

"Ng'ombe wa kaka yako nawajua kwa rangi," alisema. "Yule dume mwenye baka jeupe shingoni. Usinifundishe."

"Nani atakuchimbia, Mheshimiwa?"

"Nitakufa masika. Udongo utakuwa laini, Mayu ataweza."

Mayu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alimtazama mumewe namna mtu anavyoitazama pamba iliyonyeshewa, akapima kama bado kuna kinachofaa, akarudi ndani. Tukala nyama. Ilikuwa nyama nzuri. Jioni ile nilikwenda mara nyingine kwa kaka, na kaka akaja hadi kwenye minyaa, akasimama upande wake, karibu kabisa, nikadhani atasema kitu. Alirekebisha tawi moja lililolala akaondoka.

Kesho yake asubuhi, wakati naondoka, Mheshimiwa alikuwa mahali pake ameshikilia fito, anaamkia njia. "Mwangaluka!" Bodaboda wangu, kijana wa mjini asiyejua lolote, akaitika kwa nguvu, na Mheshimiwa akapepea mkono mpaka tukapotea. Kwenye basi nilijaribu kuhisi nimeshindwa. Sikuhisi. Nilitazama pamba zikipita dirishani, shamba baada ya shamba, nikahesabu tu kwamba ni pamba.

Simu ilikuja wiki chache baadaye, mchana, nikiwa nasahihisha mitihani. Alikuwa Mayu, anaongea chini kwa chini.

"Ng'wanawane, uko peke yako?"

"Niko peke yangu, Mayu." Nikaweka sauti ya juu, nikaiweka simu mezani, nikashika kalamu.

"Nimekwenda."

"Umekwenda wapi?"

"Dagashida. Jana. Yeye nilimwambia naenda kusaga."

Nikaiweka kalamu chini.

"Nilisimama mbele yao wote. Nikasema, nyumba yetu ilikosa. Wazee wakauliza, mwenye nyumba yuko wapi? Nikasema amelala, hana miguu. Wakasema basi haiwezekani, lazima mwenyewe. Wakaanza kubishana, unawajua. Nikabaki nimesimama pale na unga wangu kichwani."

"Kisha?"

"Kaka yako akainuka. Akasema, aliyetengwa ni nani? Ni mtu au ni nyumba? Wakasema nyumba. Akasema, basi nyumba imesema. Akaanza kupiga makofi. Alipiga peke yake muda mrefu, mwanangu, mpaka nikaona aibu. Ndipo wengine wakapiga."

"Na Mheshimiwa?"

"Hajui. Niliwaomba. Niliwaambia atakayemwambia, mimi mwenyewe nitamtenga. Wakacheka. Wamekubali, hata watoto." Alivuta pumzi, nami sikusema "ee." "Leo wanawake wamenijia hapa hapa nyumbani. Wamekaa. Kumbe yule binti niliyekuwa nachota naye kisimani ameolewa na nisijue. Nina maneno mengi ya kusikiliza, ng'wanawane, sijui nianzie wapi. Ngoja, anakuja."

Nikasikia fimbo ikigonga chini, kisha sauti yake, mbali na simu: "Nani huyo? Ni Mwandishi? Lete."

"Mheshimiwa," nikasema.

"Mwandishi! Umesikia?"

"Nimesikia nini?"

"Wameelewa! Kaka yako amekuja asubuhi kwenye minyaa. Nikamwamkia. Akaitika! Nikamwambia rudia, masikio yangu mabovu. Akarudia. Nimemwambia, umefikiri vizuri, bwana. Akasema ndiyo, Mheshimiwa, tumefikiri. Ameniomba na chumvi. Nimempa kopo zima."

"Hongera, Mheshimiwa."

"Nilikuwa nakwambia. Mtu ukimwacha afikiri mwenyewe, anafika. Mayu alikuwa anaogopa. Ulikuwa unaogopa na wewe, na sentensi zako." Alikohoa, akacheka, akakohoa tena. Nyuma yake uani kulikuwa na sauti za wanawake wengi wanaozungumza kwa pamoja, na ya Mayu juu yao wote. "Sasa uandike. Andika kwenye gazeti lako kwamba sikusema."

"Hukusema, Mheshimiwa," nikamwambia. "Nitaandika hivyo."